Majina Yafananayo Angani

Bwana Mhariri,

Twaomba nafasi katika gazeti la Chama tuseme neno juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa mbali na kazi yetu ya kalamu, nalo ni majina ambayo ndege huitwa kwayo na watu walioko chini. Sisi tulio Kisorya hatuna uwanja wa ndege. Tuna barabara itokayo Bunda, na mwisho wa barabara hiyo tuna kivuko kiendacho Rugezi katika Ukerewe. Walakini mtu akichukua ramani na kupiga mstari kwa rula kutoka Mwanza mpaka Musoma, ataona ya kuwa mstari ule wapita karibu sana na vichwa vyetu. Na ndege ndogo zichukuazo wageni wa Serengeti kutoka Mwanza zina njia yao juu ya Ghuba ya Speke, kusini kwetu. Twazisikia kabla hatujaziona. Kila moja ina jina lake, na jina hilo hutajwa katika simu ya upepo mara nyingi kabla haijagusa chini. Tunalotaka kusema ni hili: majina mawili yakifanana, kosa limekwisha kutengenezwa mezani, na mtu anayekamatwa nalo baadaye mara nyingi siye aliyelitengeneza.

Tuanze na la nyumbani. Msomaji aliye Tanga au Dodoma huenda hajui ya kuwa upande huu wa maji tuna mahali paitwapo Nansimo, na upande wa pili, katika Ukerewe, iko Nansio, ndiyo makao makuu ya wilaya ile. Herufi moja tu ndiyo iliyoyatenga majina hayo. Katika karatasi herufi hiyo yaonekana vema, ikiwa mwandishi hakuandika kwa haraka. Katika simu yenye mkwaruzo haionekani wala haisikiki, imekwenda na upepo. Mmoja wetu, karani mtulivu ambaye hatutamtaja, alipigiwa simu jioni akaambiwa mama yake mzazi ni mgonjwa sana, yuko kwa jamaa zake Nansimo. Yeye akasikia Nansio, kwa kuwa huko nako ana jamaa, na kwa kuwa mama alikuwa amesema juma lile kwamba atavuka kwenda kuwasalimu. Akapanda kivuko cha mwisho. Alipofika Nansio na kubisha mlangoni, jamaa wakashangaa. Kivuko cha kumrudisha hakikuwapo mpaka asubuhi. Na asubuhi alipofika Nansimo, mahali ambapo jana angefika kwa baisikeli, akakuta watu wamekaa nje.

Hatukuleta habari hiyo ili watu wamhurumie, maana yeye mwenyewe hapendi kuhurumiwa. Tumeileta kwa sababu twataka msomaji atazame jinsi kosa lilivyoingia. Aliyepiga simu alitaja jina sahihi. Aliyepokea hakuwa mzembe wala mlevi. Sikio lake lilipokea sauti pungufu, na akili yake ikaijaza pale palipopungua kwa jambo alilokuwa akilitazamia tayari. Ndivyo sikio la mwanadamu lilivyo. Halisikii tu, bali lakisia pia, nalo halimwambii mwenyewe kwamba limekisia. Kwa hiyo mtu aliyekosea kwa njia hii huwa na hakika kabisa moyoni mwake, na mwenye hakika hana sababu ya kuuliza mara ya pili.

Lugha yetu nayo ina mitego yake. Hakuna karani aliyepokea hesabu kwa simu asiyejua taabu ya sita na tisa. Ni herufi zile zile, ila s na t zimebadilishana mahali tu. Na simu ikikatika kidogo katikati, mtu aweza kuapa kwamba amesikia hii kumbe imesemwa ile. Wengi wetu tuliozaliwa ziwani tulifundishwa shuleni, tena kwa fimbo, kutenga r na l, na hata leo tukiwa na haraka fimbo ile husahaulika. Waingereza wana mtego wa namna hiyo katika five na nine. Ndiyo sababu kanuni za kimataifa zaagiza marubani watamke fife na niner, matamshi ambayo mwalimu wetu wa Kiingereza wa misheni asingeyavumilia hata dakika moja. Kadhalika herufi zilipewa majina ya kutajia, Alfa, Bravo, Charlie na mengineyo, nayo yakaanza kutumika ulimwenguni kwa wasafiri wa anga mwaka 1956, kwa kuwa B na D na P na T zikisemwa kwa Kiingereza katika redio zote ni sauti moja.

Sasa twende kwenye eropleni, au ndege kama watu wasemavyo siku hizi. Ndege hupata jina la kuitwa kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni alama ya kuandikishwa kwake, ile iliyopakwa ubavuni. Zile za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X, kisha zafuata herufi tatu. Hivyo 5H ni kama jina la ukoo. Ndege zetu zote zinalo, wala halimtambulishi mmoja na mwingine. Tena kanuni zaruhusu jina hilo lifupishwe baada ya mazungumzo kuanza, zibaki herufi chache za mwisho, ilimradi pasiwe na mashaka. Hapana sheria inayozuia ndege moja ya Kenya na moja ya Tanzania ziwe na herufi tatu za mwisho zilizo sawasawa. Na Ziwa Victoria halikugawanywa kwa ukuta hata zisikutane juu yake.

Njia ya pili ni ya makampuni yenye safari za ratiba. Hapo kampuni ina neno lake la kuitiwa, na nyuma yake hutiwa namba ya safari. Air Tanzania huitwa Tanzania, Kenya Airways huitwa Kenya. Basi katika anga ya Mwanza ikiwa ndege mbili za kampuni moja zipo pamoja, nusu ya kwanza ya majina yao ni ile ile, na salama yote imewekwa juu ya tarakimu. Tuseme, kwa mfano tu, moja ni 106 na ya pili ni 160. Mwongozaji wa ndege aliye mnarani aziita zote kwa njia moja ya redio, na marubani wote wasikia yote. Akisema neno kwa moja, ya pili nayo yalisikia. Na rubani anayengojea ruhusa ya kushuka, aliyechoka, mwenye mvua mbele yake, husikia kile anachokitazamia, kama mwenzetu alivyosikia Nansio. Akijibu yeye kwa wakati ule ule ambao mwenye haki anajibu, sauti mbili zagongana katika redio na mnarani hufika mlio tu, hata mwongozaji asijue ya kuwa wamejibu wawili.

Jambo hili si la kubuni. Tarehe 16 Juni 2015, katika uwanja wa Midway mjini Chicago, ndege ya Delta namba 1328 na ya Southwest namba 3828 zilikuwa katika njia mbili za kurukia zinazokatana. Ruhusa ilitolewa kwa 3828. Zote mbili zikaanza kukimbia. Mwongozaji akapiga kelele zisimame, nazo zikasimama kabla ya kufika kwenye njia panda. Tazama tarakimu zile: ya tatu na ya nne zafanana kabisa, na mwisho wa yote mawili ni ishirini na nane.

Lakini kisa ambacho kwetu chastahili kusomwa na kila karani ni cha Japani. Tarehe 31 Januari 2001 ndege mbili za Japan Airlines zilikuwa zikikaribiana juu ya Ghuba ya Suruga. Ya kwanza, namba 907, ilikuwa imetoka Haneda, Tokyo, nayo ilikuwa ikipanda kwenda Naha katika Okinawa. Ya pili, namba 958, ilitoka Busan katika Korea, ikielekea Narita. Ndani yake zote mbili walikuwamo watu 677. Mwongozaji aliyekuwa akisema nazo alikuwa mwanafunzi wa kazi ile, na msimamizi wake alikuwa kando yake. Alikusudia kuiambia 958 ishuke. Kinywa chake kikasema 907. Rubani wa 907, ambaye alikuwa akipanda, akaitika kama ilivyo desturi, akaanza kushuka. Wakati huo chombo cha onyo kilichomo ndani ya ndege kikamwambia apande. Yeye akamtii mtu wa redio. Ile 958 ikatii chombo chake, ikashuka nayo. Hivyo zote mbili zikawa zinashuka mahali pamoja.

Msimamizi akaona hatari, akachukua redio mwenyewe ili aokoe. Akaita ndege namba 957 na kuiamuru ipande. Ndege namba 957 haikuwapo. Wasomaji wetu na wasimame hapa kidogo. Hiyo 957 ilitoka wapi? Mwanzo wake ni wa 958 na mwisho wake ni wa 907. Katika akili ya mtu mwenye ujuzi, wakati wa hofu, majina mawili yaliyofanana yalikuwa yameyeyuka yakawa jina moja la ndege isiyokuwapo duniani. Rubani wa 907 aliiona nyingine kwa macho yake, akaitupa ndege yake chini kwa nguvu, zikapishana. Watu kama mia moja waliumia katika ndege yake, wengine wakirushwa mpaka kwenye dari. Hakufa hata mmoja.

Kisha ikaja hesabu ya lawama. Wale waongozaji wawili walishtakiwa mahakamani kama wahalifu. Mwaka 2006 mahakama ya kwanza mjini Tokyo iliwaachilia. Mwaka 2008 mahakama ya juu yake ikageuza hukumu ikawaona na hatia. Na mwaka 2010 Mahakama Kuu kabisa ya Japani ikaithibitisha hatia hiyo, ijapokuwa kifungo chenyewe kilisimamishwa. Hatusemi ya kuwa hawakukosa. Walikosa, na tarakimu walizotamka zimo katika kumbukumbu za sauti. Ila twauliza swali ambalo mtumishi yeyote wa ngazi ya chini aliuliza: walikuwa wangapi mezani walioandika namba hizo, wakazipa safari za kampuni moja zitakazopita anga moja, na walipangwa katika mstari gani siku ya hukumu? Mwanafunzi yule hakuzichagua namba. Alizikuta, kama sisi tunavyoyakuta majina katika daftari ya mishahara.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wazee wetu wengine wa kazi, watu tunaowaheshimu, ambao wakisikia kosa la namna hii husema mara moja, 'Awe mwangalifu zaidi.' Uangalifu ni mzuri, nasi hatuudharau. Lakini mtu hawezi kuwa mwangalifu juu ya jambo ambalo ana hakika nalo. Kumwambia mwenye sikio la binadamu asisikie kama binadamu ni kupoteza wino. Kinachowezekana ni kuyatenga majina kabla hayajafika sikioni, na kazi hiyo si ya mtu wa mnarani wala ya rubani. Ni ya aliye mezani, mwenye nafasi na kalamu na usingizi wa kutosha.

Wala dawa yenyewe si ya fedha nyingi. Kanuni za kimataifa za uongozaji wa ndege zampa mwongozaji ruhusa ya kuiambia ndege ibadilishe jina lake kwa muda, pale aonapo majina mawili yafanana. Ruhusa hiyo ipo, lakini ni dawa ya mwisho. Ni kama kubadili magurudumu gari likiwa mlimani. Iliyo bora ni ile ya Ulaya, ambako shirika liitwalo EUROCONTROL huyasaidia makampuni kulinganisha namba zao za safari kabla msimu haujaanza, na zile zifananazo hubadilishwa, nyingine zikitiwa herufi mwishoni badala ya tarakimu. Hivyo namba ya tikiti ya abiria yabaki ile aijuayo, na jina la redio likawa jingine. Abiria hana habari, wala haimpasi kuwa nayo.

Kwetu Tanzania kazi ya kuongoza ndege na kazi ya kusimamia kanuni zote mbili zi mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iliyoanzishwa mwaka 2003. Nchi imetumia fedha nyingi kununua rada nne, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, nasi twafurahi, kwa sababu rada humwonyesha mwongozaji ndege iko wapi. Lakini rada haisemi kwa niaba yake. Akishaiona ndege katika kioo bado ni lazima afungue kinywa aiite kwa jina, na Wajapani wale walikuwa na rada nzuri mbele yao. Twaona inafaa, na kwa heshima twapendekeza, ya kuwa kila ratiba mpya inapotengenezwa, makampuni yote yanayopita Mwanza, Musoma, Bukoba na viwanja vya Serengeti yaketi mara moja na watu wa Mamlaka, kila mmoja na karatasi yake, walinganishe saa kwa saa majina yatakayokuwa angani pamoja. Kazi hiyo ni ya karani mwenye rula na penseli nyekundu kwa siku mbili. Majirani wa Kenya na Uganda waitwe pia, kwa kuwa 5Y na 5X na 5H ni ndugu wa nyumba moja na majina yao hutofautiana kwa herufi moja, kama Nansio na Nansimo.

Turuhusiwe neno moja nje ya njia. Wazee wa Mara wakumbuka mwaka 1978, vita vya Kagera vilipoanza, ambapo ndege za jeshi letu wenyewe zilitunguliwa na askari wetu wenyewe karibu na Musoma, zikidhaniwa kuwa za adui. Hiyo si habari ya majina kufanana, na hatutaki kuisukuma iwe hivyo. Ila ni jirani yake, kwa maana aliye chini hakujua kwa hakika ni nani aliye juu, na gharama ya kutojua ililipwa na vijana wetu. Kadhalika ziwa hili lina mazoea ya zamani na majina ya ndege. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za kutoka London mpaka Mwanza. Na baadaye, kuanzia 1937, ndege zake kubwa za majini zilikuwa zikitua Kisumu, kila moja na jina lake, na kila jina likianza kwa herufi C: Castor, Capella, Cassiopeia, Corsair. Aliyeyapanga bila shaka aliona yanapendeza katika orodha. Ndilo kosa la watu wa mezani tangu zamani, sisi tukiwamo, kwamba twapenda orodha iwe na mpango mzuri machoni, wala hatujiulizi itakuwaje masikioni.

Maana na sisi tumo. Ni nani kati yetu asiyewahi kufungua majalada mawili yenye namba zinazotofautiana kwa tarakimu moja ya katikati, kwa sababu tu ndiyo iliyofuata katika daftari? Katika wilaya zetu jina kama Magesa au Masatu limejaa kutoka Majita mpaka Ukerewe, na jina la baba huwa la mtoto wa nyumba nyingine. Karani akiandika jina moja na la baba bila tarehe ya kuzaliwa na bila kijiji, ametengeneza 907 na 958 yake mwenyewe, na siku moja pensheni ya mjane itakwenda kwa mtu aliye hai. Kisha atakayeitwa kujieleza si yule aliyefungua jalada miaka kumi iliyopita. Ni kijana wa dirishani.

Kuna desturi ya wanaanga ambayo twatamani ingeletwa ofisini kwetu kesho. Rubani akipewa amri haitiki 'ndiyo' peke yake, wala 'vema, Bwana'. Huirudia amri yenyewe, na mwishoni hutaja jina lake, ili aliyeitoa asikie kama imefika kwa yule aliyekusudiwa. Aliyeitoa naye yampasa asikilize marudio yale, maana marudio yasiyosikilizwa ni kelele tu. Sisi tumezoea kinyume. Mkubwa akisema jina katika simu, karani mdogo hujibu 'Ndiyo Mzee' haraka, kwa heshima, na kulirudia jina huonekana kama kumshuku mkubwa au kukiri kuwa sikio lako ni bovu. Tumeona vijana wakitoka chumbani mwa mkubwa wakaulizana wao kwa wao mlangoni, 'Amesema nani?' kuliko kurudi ndani hatua tatu na kuuliza. Heshima ya namna hiyo ni ghali. Rubani aliyesema 'narudia' hajapata kuitwa mtovu wa adabu, na mwongozaji aliyeulizwa 'ni sisi au ni mwingine?' hujibu tu, kwa kuwa wote wawili wajua kilichoko baina yao na maji.

Tumekwisha kuambiwa na ndugu mmoja wa hapa hapa ya kuwa mashauri haya yatachelewesha kazi, na ya kuwa kwa miaka mingi mambo yamekwenda bila hayo. Kuchelewa tunakukubali: sekunde nne kwa kila jina, kwa hesabu yetu wenyewe tukiwa na saa mkononi. Na kwamba yamekwenda kwa miaka mingi, hata kule Suruga yalikuwa yamekwenda kwa miaka mingi.

Basi, Bwana Mhariri, twamwomba Katibu aweke mambo mawili katika orodha ya mkutano ujao. La kwanza, Chama kiandike barua kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga juu ya kulinganisha majina ya ndege za ziwani kila msimu. La pili, ofisi zitakazokubali zianze kurudia kila jina na kila namba ipokewayo kwa simu, na karani aulizaye mara ya pili asiandikiwe neno lolote baya katika taarifa yake ya mwaka. Mwenzetu wa Nansimo amekubali kuja mkutanoni kulisemea hilo la pili, ikiwa kivuko na basi vitamfikisha kwa wakati.

Sisi wenu,
Makarani wa Kisorya